Mlima Elgon: Ghala la maji lisilo na theluji

KATIKA nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Marekani, wataalamu hupanda milimani kupima theluji. Wakishajua kina na uzito wake, hukadiria maji yatakayoteremka mitoni theluji hiyo itakapoyeyuka. Bonde la Mto Nzoia halina kipimo cha aina hiyo.

Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai upande wa Uganda kina kimo cha mita 4,321, uliwahi kuwa na barafu maelfu ya miaka iliyopita. Leo hauna. Kinachoweka akiba ni msitu, mboji na vinamasi vya nyanda za juu karibu na kasoko. Mvua inyeshapo, udongo huo huinywa, kisha huitoa polepole kupitia chemchemi. Ndiyo sababu mito ya Kuywa na Kibisi huendelea kutiririka hata Januari, mashamba ya Bungoma yakiwa yamekauka.

Mito hiyo huingia Nzoia, ambao pia hupokea maji ya milima ya Cherangani na kumiminika katika Ziwa Victoria, kaunti ya Busia. Hata hivyo, si maji yote ya Elgon yanayofuata njia hiyo. Suam huelekea kaskazini hadi bwawa la Turkwel, lililokamilika 1991, na hatimaye Ziwa Turkana. Malakisi huvuka mpaka na kuishia Ziwa Kyoga nchini Uganda, ilhali Sio huingia Victoria. Wakulima wa Myanga, kati ya Bungoma na Malaba, wamo katika eneo la mito hii miwili ya mwisho, na mlima ukipungukiwa hawana chanzo kingine kikubwa cha kutegemea.

Kwa kuwa akiba iliyo ardhini haionekani, makadirio hutegemea utabiri wa mvua na vipimo vya kina cha mito. Utabiri nao haulingani kwa nguvu. Mvua za Oktoba hadi Desemba hufuata kwa kiasi kikubwa hali ya bahari za Pasifiki na Hindi, kama ilivyodhihirika 1997 na 2019; zile za Machi hadi Mei, ambazo mkulima wa mahindi wa Kitale huzingojea zaidi, ni ngumu mno kubashiri.

Msitu wenyewe umepungua. Mpango wa makazi wa Chepyuk, ulioanza 1971, ulikata sehemu yake, na mzozo wa ugawaji wa ardhi hiyo ulizaa mapigano ya 2006 hadi 2008 yaliyoua mamia ya watu.

Mteremko usio na miti hauhifadhi mvua. Maji huporomoka kwa pamoja, yakiwa mekundu kwa udongo, na kuongeza mzigo wa Budalang'i, ambako matuta ya Nzoia yamebomoka mara kadhaa. Miezi michache baadaye, wakazi wa miinamo ya juu huanza kufuata maji mbali, mtungi kichwani.