Magari ya haidrojeni: Betri iwe kubwa kiasi gani?

Gari linalotumia haidrojeni ni gari la umeme linalojizalishia umeme wake. Ndani ya seli za mafuta, haidrojeni kutoka kwenye matangi hukutana na oksijeni ya hewani, na hapo hupatikana umeme, joto na maji. Hata hivyo, magari hayo hubeba betri pia, na ukubwa wake huamua jinsi gari litakavyotumika, na hatima ya mwenye gari pale haidrojeni inapokosekana.

Betri ina kazi mbili kuu. Kwanza, huzikinga seli za mafuta. Mzigo unaopanda na kushuka ghafla huchakaza utando wa seli pamoja na platini inayochochea mmenyuko. Kwa hiyo dereva anapoongeza mwendo, betri hutoa nguvu papo hapo huku seli zikipanda taratibu. Pili, hupokea umeme unaozalishwa gari linapofunga breki, kwa kuwa seli zenyewe haziwezi kuuhifadhi.

Kompyuta ya gari ndiyo inayogawa mzigo kati ya pande hizo mbili. Hujitahidi kuiweka betri katika kiwango cha kati: ikijaa kabisa, nishati ya mteremko hupotea, ikikaribia kuisha, gari huishiwa nguvu mlimani.

Toyota Mirai ya kizazi cha pili, iliyozinduliwa nchini Japani mwezi Desemba 2020, ina seli zenye uwezo wa kilowati 128 na mota ya kilowati 134. Kwa kuwa seli zinakaribia kuitosheleza mota, betri ya kilowati-saa 1.24 imeonekana kutosha. Ni nyepesi na haichukui nafasi kubwa, lakini haichajiwi kwa waya, na akiba yake ni ya kilomita chache tu.

Honda ilichukua njia nyingine mwaka 2024 kwa gari lake la CR-V e:FCEV. Seli zake ni za kilowati 92, lakini betri ina kilowati-saa 17.7 na huchajiwa kwa umeme wa kawaida. Kwa vipimo vya Marekani, betri hiyo pekee huliendesha gari takriban kilomita 47.

Uzito wa uamuzi huo ulidhihirika katika jimbo la California, Marekani, mwezi Februari 2024, kampuni ya Shell ilipotangaza kufunga vituo vyake vya haidrojeni kwa magari madogo. Mwenye gari la betri ndogo akikosa kituo hana njia mbadala. Mwenye betri kubwa aweza angalau kwenda kazini na kurudi.

Lakini betri kubwa nayo ina gharama: huongeza bei na uzito, na hugombea nafasi na matangi. Matangi ya Honda hiyo hubeba kilo 4.3 za haidrojeni. Ya Mirai, kilo 5.6.