Rangi ya Unga: Jinsi Viwanda Vilivyoachana na Thina

Mwanzoni mwa karne ya 20, kupaka gari moja rangi kuliweza kuchukua wiki kadhaa. Fundi alipaka tabaka la vanishi, akasubiri likauke, akapiga msasa, akapaka jingine, kwa utaratibu uleule uliotumika kwenye magari ya kukokotwa na farasi. Henry Ford alipoanzisha laini ya kuunganishia magari mwaka 1913, kila kazi iliharakishwa, rangi ikabaki nyuma. Kuanzia 1914 hadi 1925 gari lake la Model T lilitoka jeusi tu, kwa rangi ngumu ya bei nafuu iliyokaushwa tanurini. Mwaka 1923 kampuni ya DuPont ikaleta Duco, rangi ya nitroselulosi, na mwaka uliofuata magari ya Oakland ya General Motors yalikuwa barabarani yakiwa ya buluu. Siku za kusubiri zikawa saa.

Kasi hiyo ilikuwa na gharama ambayo haikuandikwa kwenye hesabu za kiwanda. Duco ilikauka upesi kwa sababu kimiminika kilichoyeyusha rangi kiliruka hewani mara tu baada ya kupulizwa. Katika rangi za aina hiyo, zaidi ya nusu ya kilichomo mkebeni hakibaki kwenye chuma. Kinaishia kwenye mapafu ya mpakaji na angani. Toluini na zailini, ambazo bado zimo katika thina nyingi, huanza kwa kuumiza kichwa na kulevya, na mtu akizivuta kwa miaka humharibia mishipa ya fahamu. Kwa zaidi ya nusu karne dunia ilinunua mng'ao wa magari, majokofu na makabati kwa pumzi za watu ambao majina yao hayapo katika historia ya kampuni yoyote.

Aliyefanya mvuke ule uonekane hakuwa mtaalamu wa rangi. Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, alikuwa California akichunguza kinachoipa nanasi ladha yake, akavutwa kwenye swali la ukungu mchafu uliokuwa ukiwachoma macho watu wa Los Angeles. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa ameonyesha kwamba mvuke wa petroli na wa viyeyusho, ukikutana na moshi wa magari chini ya jua kali, huzaa ozoni na sumu nyinginezo. Ilichukua miaka mingi kabla sayansi hiyo haijawa sheria. Mwaka 1966 Los Angeles ilipitisha Kanuni ya 66, iliyoweka mipaka kwa viyeyusho viwandani.

Wakati Haagen-Smit akipambana na ukungu, jibu lilikuwa likiundwa Ujerumani na mtu aliyekuwa akitafuta kitu kingine kabisa. Erwin Gemmer wa kampuni ya Knapsack-Griesheim alitaka kuvisha chuma plastiki ambazo hazikubali kuyeyushwa vizuri na kiyeyusho chochote, polithini ikiwa mojawapo. Aliomba hataza yake Mei 1953. Chombo chake kilikuwa pipa lenye sakafu ya vitundu vidogo mno. Hewa ikisukumwa kutoka chini, unga wa plastiki ulioko ndani huinuka na kutokota kama uji. Kipande cha chuma kilichopashwa moto hutumbukizwa humo kwa sekunde chache, unga unaokigusa unayeyuka na kuganda juu yake. Hakuna thina, hakuna brashi, hakuna tone linalochuruzika.

Katika unga wa awali uliofaa kazi hiyo ulikuwamo nailoni 11, na hapa Mwafrika ana haki ya kusimama kidogo. Nailoni hiyo, iliyobuniwa na wanakemia wa Ufaransa katika miaka ya 1940, hutengenezwa kwa mafuta ya nyonyo. Mnyonyo, au mbarika, unaoota wenyewe kandokando ya njia na kwenye mahame ya kwetu, ndio malighafi ya tabaka linalolinda mabomba, valvu na vyuma vya hospitali hadi leo. Petroli haihusiki. Sijui mimea mingi ya Afrika iliyofika mbali hivyo bila kutajwa.

Tatizo la pipa la Gemmer lilikuwa unene. Lilitoa tabaka la robo milimita na zaidi, zuri kwa bomba au waya wa umeme lakini zito mno kwa kabati la ofisini. Suluhisho lilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale kampuni ya Sames ya Ufaransa ilipotoa bunduki inayoupa unga chaji ya umeme. Hapo ndipo rangi ya unga ya leo ilipozaliwa, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Chukua mguu wa kiti cha chuma. Kwanza huoshwa kuondoa grisi na kutu, kisha hupitishwa kwenye dawa ya fosfeti inayoipa rangi mahali pa kushika. Mafundi wazoefu watakwambia ubora wote uko hapa, nami nawaamini, kwa sababu unga hausamehi grisi. Mguu ukishakauka hutundikwa kwenye kulabu iliyounganishwa na ethi. Bunduki hupuliza unga laini, chembe zake zikiwa na upana wa mikroni 30 hadi 50, ukiwa umechajiwa kwa volti 60,000 hadi 100,000. Unga hukimbilia chuma, mwingine ukizunguka hadi nyuma yake. Mahali unapokataa kwenda ni kwenye kona za ndani: umeme hukimbilia kingo, kona ikabaki kavu, na mpakaji hulazimika kupunguza volti na kusogea kwa subira. Kulabu ikiwa imejaa rangi ya jana, ethi hukatika na unga humwagika sakafuni. Kisha tanuri: nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi kwa dakika 10 hadi 20. Unga unayeyuka, unatandazika, halafu resini na kigumishi vinashikana kikemia. Unga uliokosa shabaha hukusanywa na kutumika tena.

Kwa ubora wote huo, teknolojia hii ilisuasua hadi mwaka 1973, bei ya mafuta ilipopanda na viyeyusho, ambavyo hutokana na petroli, vikapanda nayo. Ndipo waliokuwa wamepuuza mapafu walipoanza kupiga hesabu. Epoksi za mwanzo zilichujuka juani, zikawa za ndani tu; poliesta za miaka ya 1970 zikaipeleka rangi ya unga kwenye madirisha ya alumini na fremu za baiskeli. Lakini kigumishi cha poliesta hizo, TGIC, kiligundulika kuwa sumu, na Ulaya ilipokipa alama ya fuvu mwaka 1998 viwanda vyake vingi vikahamia vigumishi vingine. Unga wenyewe ukijaa hewani unaweza kulipuka kwa cheche moja.

Jimbo la Florida, Marekani, lilitoa funzo kubwa zaidi. Tangu 1973 Wamarekani walikuwa wakizivisha nondo za madaraja epoksi ya unga ili chumvi isizile. Mwaka 1986 nguzo za madaraja mapya ya visiwa vya Keys zilikutwa nondo zake zikiliwa na kutu chini ya epoksi, kwenye ukanda unaorushiwa maji ya bahari. Mikwaruzo ya wakati wa ujenzi ilifungua njia, unyevu ukaing'oa epoksi kutoka kwenye chuma, na kutu ikasambaa bila kuonekana. Jimbo hilo likaacha kutumia nondo za aina hiyo.

Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, madirisha ya alumini yaliyovishwa unga yamejaa kila ghorofa jipya. Mageti na vyuma vya madirisha bado hupulizwa kando ya barabara kwa rangi ya mafuta iliyolainishwa na thina au petroli, na kijana anayepuliza amefunga kitambaa puani. Kitambaa huzuia matone, mvuke hupita. Ujuzi wa kupuliza anao. Kinachomkwamisha ni tanuri la kuingiza geti zima, umeme wa fezi tatu, na mtaji ambao karakana ya watu watatu haiwezi kuupata peke yake. Tanzania ilianzisha shirika la SIDO mwaka huohuo wa 1973 ili kuhudumia viwanda vidogo, na ina mitaa yake ya viwanda mikoani. Tanuri moja kubwa la pamoja katika kila mtaa huo, likilipiwa kwa kila geti linaloingia, lingewatosha mafundi wengi, na sehemu ya kuoshea na kutia fosfeti ijengwe pamoja nalo tangu siku ya kwanza.