Durban: Mavuno ya kujifunza Kizulu

Mgeni kutoka Bukavu, Bujumbura au Tanga anapofika Durban, mji wa bandari kwenye pwani ya Afrika Kusini, hujifunza Kizulu kwa sababu moja kubwa: kutafuta riziki.

Wakongo wengi mjini humo hulinda magari kwenye maegesho. Wengine kutoka Afrika Mashariki na Kati hufanya biashara ndogondogo, ambako salamu njema ndiyo inayomleta mteja.

Lakini mzungumzaji wa Kiswahili hukuta faida nyingine ambayo hakuitarajia. Lugha hiyo ya ugenini humfunulia undani wa lugha yake mwenyewe.

Ndugu wa mbali

Kizulu ndicho kinachozungumzwa majumbani na watu wengi zaidi Afrika Kusini. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, takriban robo ya wananchi hukitumia nyumbani, na katika jimbo la KwaZulu-Natal, ambamo Durban imo, ni takriban wanne kati ya kila watano.

Mwanzoni sikio la Mswahili hukwama kwenye vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubana ulimi na kuuachia ghafla. Huandikwa kwa herufi c, q na x, na Kizulu kilizipokea kutoka lugha za Wakhoikhoi na Wasan.

Baada ya kizingiti hicho, nyumba ni ile ile. Umuntu ni mtu na abantu ni watu. Umuthi ni mti, imithi ni miti. Nyama ni inyama, mbuzi ni imbuzi, maji ni amanzi.

Sarufi nayo inafanana. Isihlalo ni kiti na izihlalo ni viti. Hivyo isi- na izi- za Kizulu ndizo ki- na vi- za Kiswahili. Ndiyo sababu Wazulu huiita lugha yao isiZulu, kama Waswahili wasemavyo Kiswahili.

Mtu akisema "ngiyakuthanda", amesema "ninakupenda", na silabi -ku- inayomtaja mpendwa imekaa mahali pale pale.

Hata kitendo cha kujifunza kina mzizi mmoja. Kwa Kizulu, ukufunda ni kujifunza na ukufundisa ni kufundisha. Mswahili aliyezoea neno "mwalimu", lenye asili ya Kiarabu, hukumbuka kwamba mwali naye hufundwa unyagoni.

Aliyekwenda kufundisha

Undugu huu umechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1855 meli iliyotia nanga katika bandari hiyo, wakati huo ikiitwa Port Natal, ilimleta Mjerumani Wilhelm Bleek, aliyekuja kuandika sarufi ya Kizulu.

Kutokana na kazi ya namna hiyo, Bleek alilinganisha lugha nyingi za kusini mwa Afrika, na katika kitabu chake cha mwaka 1862 akalipa kundi lote jina la Kibantu, kutokana na neno lenye maana ya "watu".

Aliyemleta ni Askofu Mwingereza John William Colenso, aliyejifunza Kizulu ili ahubiri Injili. Kamusi yake ya Kizulu na Kiingereza ilitoka mwaka 1861.

Walipokuwa wakitafsiri kisa cha gharika ya Nuhu, msaidizi wake, William Ngidi, alimuuliza iwapo mambo hayo yote yalikuwa kweli. Askofu akashindwa kujibu kwa moyo mweupe. Maandishi yaliyozaliwa na swali hilo yalimfanya ahukumiwe na viongozi wenzake wa kanisa kuwa mzushi, mwaka 1863.

Alikuwa amekwenda kufundisha, akafundishwa. Mwaka 1874 alimtetea Chifu Langalibalele, aliyehukumiwa na serikali ya kikoloni, na akasafiri hadi London kwa ajili yake. Wazulu walimwita Sobantu, Baba wa Watu. Alifariki Durban mwaka 1883.

Ngao isiyotosha

Hata hivyo, lugha inaweza pia kugeuzwa kuwa mtego. Ghasia dhidi ya wageni zilipozuka Johannesburg mwezi Mei mwaka 2008, iliripotiwa kwamba watu waliosimamishwa njiani walitakiwa kutaja kiwiko kwa Kizulu, "indololwane". Aliyeshindwa alihesabiwa kuwa mgeni.

Watu 62 waliuawa katika ghasia hizo, 21 kati yao wakiwa raia wa Afrika Kusini.

Mwezi Aprili mwaka 2015 zamu ikawa ya Durban. Maelfu ya wageni walikimbilia kambi za muda, wakiwemo walioishi mjini humo kwa miaka mingi. Kujua lugha ya jirani hakukumlinda mtu pale jirani alipokwisha kukataa kumsikiliza.

Ndiyo maana hatua za upande wa pili zina uzito. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kilianza kuwataka wanafunzi wapya wasiojua Kizulu wasome somo la lugha hiyo.

Mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kingekuwa somo la hiari shuleni kuanzia mwaka 2020. Mtoto wa Durban atakayelichagua somo hilo atashangaa vivyo hivyo: atafungua kitabu cha wageni na kukuta humo watu, miti, nyama na mbuzi wa nyumbani kwao.