Mwano, Uzio na Iritongo

Ukitaka kujua kama Songwa ni mahali salama, takwimu za polisi zitakusaidia kidogo tu. Ng'ombe wakiibwa katika kata hii ya wilaya ya Kishapu, mara nyingi kesi haifiki kituoni. Huanza kwa mwano, hupita mikononi mwa jeshi la jadi, huishia kwenye mkutano wa kijiji kwa faini na fidia. Kwenye daftari la polisi, siku hiyo halikutokea jambo. Kijiji kisicho na wizi na kijiji kinachomaliza kesi zake chenyewe huonekana sawasawa katika jedwali. Kwa hiyo kabla ya kuuliza uhalifu ni kiasi gani, mimi huuliza nani analinda, na akikosea anamjibu nani.

Jeshi hilo la jadi, sungusungu, liliibuka mpakani mwa Kahama na Nzega mwaka 1981 na 1982. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, silaha zimezagaa, madukani hata sabuni haipatikani, na wezi wa mifugo wameanza kuja na bunduki kwa watu wenye mishale. Polisi walikuwa wachache, na wanavijiji waliwashuku baadhi yao kuwa wanakula na wezi. Basi wakajipanga wenyewe: mtemi, katibu, kamanda, na kila mwanaume na upinde wake.

Mwano ni yowe. Boma likivamiwa hupigwa, jirani huupokea na kuupeleka mbele, mpaka usiku mzima unakuwa sauti moja. Wanaume hutoka, hufuata alama za kwato, na nyayo zikivuka mpaka, kijiji cha pili hupokea msako. Asiyeitikia bila sababu hulipa faini. Lakini adhabu inayoogopwa kuliko viboko ni kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, haombi moto kwa jirani akapewa, na akifiwa hakuna anayekuja kuchimba kaburi. Atakayemwonea huruma hadharani naye hutengwa.

Ni ukali mkubwa, na sitaupamba. Nguvu yake inatoka kwenye jambo moja: mtemi wa sungusungu anachunga ng'ombe wake palepale, kati ya watu anaowatoza. Kesho mwanawe anaweza kuletwa mbele ya mkutano uleule. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kuwapa sungusungu uwezo wa kukamata kama wa polisi, lakini nidhamu yao ilikuwa imeshajengwa na kule kujuana. Ndiyo maana Augustino Mrema, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alipowasukuma sungusungu waingie mijini, zoezi liligeuka zamu za usiku na michango ya kila kaya. Katika mtaa wa wapangaji, mwenye fedha hulipa mtu amlindie zamu, na kumtenga mtu anayehama mwisho wa mwezi si adhabu.

Songwa ina jirani mwenye desturi tofauti kabisa. Mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson, Mkanada, aligundua almasi mwaka 1940, hulindwa kwa uzio na walinzi wa mshahara. Vijana wanaoingia usiku kutafuta mawe, wanaoitwa wabeshi, ni wahalifu machoni pa mlinzi. Katika mji jirani wa Maganzo, ni watoto wa fulani. Mwaka 2021 Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75 ya hisa za mgodi, ilikubali kulipa pauni milioni 4.3 kumaliza madai ya watu 71 yaliyofunguliwa Uingereza. Ilikiri kwamba kulikuwa na matukio yaliyosababisha vifo, majeraha na unyanyasaji wa wachimbaji wasio na kibali, ingawa haikukubali dhima kisheria. Fikiria umbali huo. Aliyeonewa na sungusungu anajua Jumapili atamkuta mtemi wapi. Madai ya walioumizwa kando ya uzio yalilazimika kupelekwa hadi Uingereza.

Wakurya wa mpakani mwa Tanzania na Kenya wananifundisha zaidi, kwa sababu kwao mwizi hakuwa mgeni. Vijana wa ukoo mmoja walivamia ng'ombe wa ukoo mwingine, na ukoo wao ukawaficha. Sungusungu walipoingia Tarime, kisha mwaka 1998 upande wa Kuria ya Kenya, waligeuza jambo hilo juu chini: iritongo, mkutano wa ukoo, ukaanza kuwataja wezi wa nyumbani. Baba alisikia jina la mwanawe likitajwa na akanyamaza. Suzette Heald, mwanaanthropolojia aliyewachunguza kwa miaka mingi, ameeleza jinsi uvamizi ulivyopungua. Ameeleza pia vipigo vya kulazimisha watu wakiri. Nayaamini yote mawili, na sioni haki ya kutaja la kwanza bila la pili.

Jina la sungusungu lilipofika Kisii, Kenya, lilifika bila mkutano. Likawa la vijana wa kutisha watu na kuwaua washukiwa, na mwaka 2010 serikali ya Kenya ililiweka miongoni mwa makundi 33 yaliyopigwa marufuku. Nairobi nako, baada ya shambulio la Westgate la mwaka 2013, serikali iliazima Nyumba Kumi kutoka Tanzania. Lakini mpango ule ulizaliwa miaka ya 1960 kama shina la TANU, na balozi, kiongozi wa nyumba hizo kumi, alikuwa mtu wa kusuluhisha ndoa na kusambaza habari za misiba. Katika ghorofa za mtaa wa Eastleigh, Nairobi, watu waliosakwa kwa asili yao walimwona balozi kuwa jicho la polisi.

Mpaka hapo mkutano wa kijiji unashinda, na ningependa kuishia hapo. Vikongwe wa Usukuma hawaniruhusu. Takwimu za serikali za mwaka 1970 hadi 1984 zinataja watu 3,693 waliouawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, 2,286 kati yao wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji hayo ilikuwa Mwanza na Shinyanga. Hawa wamo kwenye vitabu vya polisi, maana maiti haimalizwi kwa faini. Wengi wao macho yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi waliyopikia miaka yote. Sungusungu wa mwanzo hawakuwakinga. Mahali pengine waliwawinda pamoja na wezi. Mjane aliyetajwa na mpiga ramli hana ng'ombe wa kulipa faini wala mwana wa kumtetea mkutanoni, na wanaomtuhumu ndio wanaume wa zamu usiku huo. Akipiga mwano, watakaouitikia ni walewale.