Jaji Mcha Mungu na Wajane Wawili wa Lowestoft

Tunapohubiri juu ya waamuzi wema, mara nyingi tunamtaja nabii Samweli, aliyeweza kusimama mbele ya Israeli yote na kuuliza ni nani aliyenyang'anywa naye ng'ombe au punda. Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na mtu wa namna hiyo, Sir Matthew Hale. Tumeona vema kuzieleza habari zake zote, zile zinazopendeza kusimuliwa kanisani na ile moja isiyopendeza.

Hale alizaliwa Alderley, Gloucestershire, mwaka 1609, akabaki yatima angali mdogo. Mlezi wake, Mpuritani, alitaka awe mchungaji, lakini kijana akageukia sheria. Vita vya mfalme na Bunge vilipoigawa nchi, yeye hakushika upande. Alikuwa miongoni mwa mawakili wa Askofu Mkuu Laud aliyeshtakiwa na Bunge, na mwaka 1651 akamtetea Christopher Love, mchungaji wa Kipresbiteri aliyeshtakiwa uhaini. Cromwell alimfanya jaji mwaka 1654, na mwaka huohuo akachaguliwa mbunge wa Gloucestershire. Charles II aliporudi mwaka 1660, naye akampa cheo, na mwaka 1671 akamfanya Jaji Mkuu wa mahakama ya King's Bench. Serikali mbili zilizochukiana zilimwamini mtu mmoja.

Husimuliwa kwamba bwana mmoja mwenye kesi mbele yake alimpelekea nyama ya kulungu, kama alivyozoea kuwapelekea majaji wote waliopita huko. Hale alikataa kusikiliza kesi mpaka ailipie nyama ile. Yule bwana akaona ni fedheha, akaiondoa kesi yake. Na mke wa John Bunyan alipokwenda mwaka 1661 kumwombea mumewe aliyefungwa kwa sababu ya kuhubiri, majaji wengine walimkaripia. Hale alimsikiliza kwa upole na kumweleza njia za kisheria, ingawa hakumfungua mumewe.

Mtu huyu ndiye aliyeketi kitini Bury St Edmunds mwezi Machi 1662, wakaletwa mbele yake Rose Cullender na Amy Denny, wajane wa mji wa wavuvi wa Lowestoft. Walishtakiwa kuwaloga watoto. Amy alikuwa amekwenda kununua samaki nyumbani kwa mfanyabiashara Samuel Pacy, akanyimwa, akaondoka akinung'unika. Binti za Pacy wakaugua, wakawa, kwa maneno ya mashahidi, wanatapika pini. Sir Thomas Browne, daktari maarufu wa Norwich, alisema mahakamani kwamba watoto hao wamelogwa.

Hapa tunaomba msomaji asipite haraka. Watoto walipokuwa katika kifafa chao walikuwa wakipiga kelele wakiguswa na washtakiwa. Baadhi ya waheshimiwa waliokuwapo walitaka kuhakikisha. Mtoto mmoja akafunikwa macho kwa aproni, akaletwa Amy, lakini aliyemgusa ni mtu mwingine. Mtoto akafanya vilevile. Waheshimiwa wale wakarudi wakisema wazi kwamba jambo lote ni udanganyifu. Pacy akajibu kwamba binti yake alidhani ameguswa na mchawi. Jibu hilo likapita!

Hale aliwaambia wazee wa baraza kwamba hatawarudia ushahidi, asije akakosea. Aliwaambia tu kwamba wachawi wapo bila shaka, kwa kuwa Maandiko yanasema hivyo na sheria za mataifa zinakubali. Ushahidi wa aproni hakuugusa. Baada ya nusu saa hivi wakarudi: wana hatia.

Sisi Walutheri tusimnyoshee kidole upesi. Martin Luther mwenyewe, akihubiri mwaka 1526 juu ya Kutoka 22:18, alikubali kwamba wachawi wauawe. Hata hivyo hatukubali kwamba Hale hakuwa na njia nyingine. Swali lililokuwa mezani halikuwa kama uchawi upo, bali kama Amy na Rose walifanya waliyoshtakiwa. Alijibu la kwanza, akaliacha la pili. Sir John Holt, aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia 1689, alipoletewa kesi kama hizi aliupima ushahidi wenyewe, na washtakiwa wakaachiliwa. Taarifa ya kesi ya Hale nayo ilichapishwa mwaka 1682, ikavuka bahari, na huko Salem mwaka 1692 ikatumiwa kama mfano wa kufuatwa. Watu 19 walinyongwa.

Nasi tunaohudumu katika nchi ambamo bibi kizee ameweza kukatwa mapanga kwa sababu macho yake ni mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni, tunaulizwa na waumini kila mara: Mchungaji, uchawi upo au haupo? Tukishajibu hilo tu, tukaketi, tumefanya alichofanya Hale. Bibi mwenyewe bado yuko nje, na anayemtaja kwa jina hajaulizwa amejuaje.

Asubuhi baada ya hukumu watoto waliletwa kwa jaji wakiwa wazima, na Hale akaridhika. Wanawake wale walisihiwa sana waungame. Hawakuungama neno lolote, wakanyongwa tarehe 17 Machi.