Wanawake wa Majengo na siri ya CD4

Wasee, kuna hadithi ya Nairobi ambayo ningefaa kuijua tangu primari, lakini niliipata chuoni mwaka wa pili, wiki chache kabla niache masomo juu ya karo. Mwalimu alikuwa anafundisha kinga ya mwili. Akaonyesha grafu, akasema "hawa ni wanawake wa Pumwani," akapita. Nikabaki nimeduwaa. Pumwani gani? Hii ya nyuma ya Gikomba, kwenye mimi huchagua viatu?

Jioni nikauliza mathee. "Majengo ilikuwa ya malaya. Achana nayo." Sikuachana nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, walikuwa wanafuatilia pangusa, ule ugonjwa wa zinaa wa vidonda sehemu za siri. Njia ikawapeleka Majengo, kwa wanawake waliokuwa wanauza ngono. Mwaka wa 1985 wakapima damu yao kutafuta kirusi kipya ambacho dunia ilikuwa imeanza kukiogopa. Karibu theluthi mbili walikuwa nacho tayari. Kumbuka Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI 1984, mwaka mmoja tu kabla, na dawa haikuwepo. Aliyebeba mzigo wa kuongea na hao wanawake alikuwa nesi, Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa. Aliitisha baraza, akaongea nao kama watu, na kondomu zikaanza kuzoeleka Majengo kabla wengi wetu tuzaliwe.

Sasa sayansi, polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipopotelea darasani.

Kwa damu yako kuna seli za kinga zinaitwa CD4. Kazi yake kubwa ni kuita wengine. Adui akiingia, zinaamsha CD8, ambazo huua seli zilizoingiliwa, na zinaambia seli B zitengeneze kingamwili. Kirusi cha HIV kinaingia kwa hiyo CD4 yenyewe. Kinashika kitasa cha kwanza, protini ya CD4, halafu cha pili, mara nyingi kile kinaitwa CCR5, kisha kinajiandika ndani ya DNA ya seli. Yaani mwizi ameingia kwa nyumba ya mwenye kupiga nduru.

Kuna ubaya zaidi. CD4 iliyotulia haimfai sana huyu mwizi. Anataka iliyochangamka, iliyo kazini, ndiyo atumie mitambo yake kujizalisha. Kwa hivyo mwili ukijitahidi kupigana, unampikia. Ndiyo maana pangusa ilikuwa mbaya hivyo: kidonda kinaita CD4 nyingi zilizochangamka pale pale mlangoni. Na wiki za kwanza za maambukizi, pigo kubwa huwa ndani ya utumbo, mahali CD4 zimejaa. Ukuta wa utumbo unalegea, mabaki ya bakteria yanavuja kwa damu, na kinga inabaki imewaka miaka na miaka. CD8 zinapambana mpaka zinachoka. CD4 zikishuka chini ya 200 kwa kila tone dogo la damu wanalopima, TB na nimonia zinaingia bila kubisha.

Rudi Majengo sasa. Kati ya 1985 na 1994 watafiti waliandikisha wanawake 424 ambao hawakuwa na kirusi. 239 wakaambukizwa. Lakini kulikuwa na kikundi kidogo kilichopimwa mwaka baada ya mwaka, watatu na zaidi, na kila mara jibu ni hasi, kazi ikiwa ile ile. Wazungu wengine hukingwa na hitilafu ya kuzaliwa kwenye kile kitasa cha CCR5. Hawa hawakuwa nayo.

Ilipofika 1998 ikachapishwa kwamba baadhi yao walikuwa na CD8 zinazoitambua HIV, ingawa hawajaambukizwa. Kama mlinzi anayejua sura ya mwizi ambaye hajawahi kuingia. Nairobi na Oxford wakatengeneza chanjo ya kufundisha CD8, na 2001 ikaanza kujaribiwa hapa hapa Nairobi. Kabla hata sindano ya kwanza kukawa na ugomvi wa hataza, ile karatasi ya kusema uvumbuzi ni wa nani, kwa sababu upande wa Nairobi ulikuwa umeachwa nje. Baadaye walielewana. Chanjo yenyewe ilileta mwitikio dhaifu, ikawekwa kando.

Halafu kuna hii sehemu bado hunikosesha usingizi. Baadhi ya wale wanawake, baada ya miaka yote ya majibu hasi, waliambukizwa. Watafiti wakaangalia ni nini kilibadilika. Walikuwa wamepunguza kazi, au wamepumzika miezi miwili au zaidi, halafu wakarudi. Inaonekana zile CD8 zilikuwa zinakumbuka kwa sababu zinakumbushwa. Ukipumzika, zinasahau.

Utafiti wa baadaye ukaleta kitu kingine: damu ya wale waliobaki salama ilikuwa tulivu. CD4 zao hazikuwa zimechangamka kama za wengine. Mimi nilidhani kinga nzuri ni ile kali, ya ngumi. Kumbe hapa iliyowasaidia ni kinga isiyo na kelele. Watafiti wakajaribu hata aspirini ya dozi ndogo kwa wanawake Nairobi, na matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha CD4 ambazo kirusi hupenda zilipungua sehemu za siri kwa karibu asilimia 35. Kabla uende duka la dawa: hiyo ilikuwa kuhesabu seli, hakuna aliyethibitisha inazuia HIV. Kuna PrEP, kuna kondomu. Na hakuna kipimo cha kukuambia wewe ni kama wale wa Majengo, kwa hivyo usijidanganye.

Kinachoniuma ni kwamba kwa machapisho wako kama namba za kadi. Damu yao imesafiri mpaka Winnipeg na Oxford, na mtaani bado jina ni lile moja alilotumia mathee.

Wiki jana nilimsomea hii kabla niiweke hapa. Alikuwa anachagua mchele. Nilipofika kwa wale waliopumzika, mikono ikasimama.

"Walipumzika tu? Miezi miwili?"

"Eeh, mathee."

Akanyamaza kidogo. "Pengine mtoto alikuwa mgonjwa," akasema. "Ama walikuwa wameenda ushago kuzika mtu."