Maji ya Usambara na Gharama Yake

Leo nitawasimulieni habari za maji ya milima ya Usambara, tupate kujibu swali hili: Gharama ya kuyahifadhi, ni juu ya nani?

Mvua inyeshayo milimani haiwi mali ya wenyeji peke yao. Maji mengine hushuka kwa Mto Umba mpaka baharini karibu na Vanga. Mengine huingia Mto Mkomazi, kisha Pangani. Walio mbali huyatumia, wala hawaijui kazi ya waliyoyatunza.

Mwaka 1946 Serikali ya Waingereza ilianzisha mpango huko Mlalo, katika wilaya ya Lushoto, wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Wakulima waliamriwa kupiga matuta katika miteremko. Shabaha ilikuwa njema, maana maji yakizuiwa hunywea ardhini, na chemchemi hudumu. Lakini kazi ilikuwa nzito, nayo iliwaangukia wanawake zaidi. Mashamba yalikuwa madogo, na asiyetii alitozwa faini. Watu wakaupinga, hata kabla ya mwaka 1960 ukaachwa.

Je, Washambaa walikuwa wavivu? Hasha! Walipima hesabu tu. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini hapa mmoja alichumia juani, na mwingine akalia kivulini. Basi anywaye maji ya chini na amsaidie alimaye juu, maana amri pasipo faida haidumu.